Taja Kosa Lako

Visu vya Fundi havikupokelewa mkononi. Ukienda kuchukua chako, alikifuta kwa kitambaa chenye oili, akakikagua mara ya mwisho kwa jicho moja, kisha akakiweka chini kwenye vumbi, mbele ya miguu yako. "Okota," alisema. Sisi watu wa Pwani tumelelewa tukijua kwamba kisu kikipita mkono kwa mkono huleta ugomvi, kwa hiyo wateja walidhani anafuata mila. Lakini anayefuata mila huweka kisu mezani. Fundi alikuwa na meza, tena ya mninga, na hakuitumia kwa kazi hiyo hata siku moja. Alitaka kuwaona watu wakiinama.

Nimewashuhudia wengi. Wauza nyama wa Tangini na vitambi vyao, wapishi waliotoka Dar na magari ya kuazima, mama mmoja aliyekuja kumnunulia mkwewe kisu cha jikoni na kiuno kikamkamata palepale. Siku moja alikuja bwana mkubwa wa ofisi fulani, suti imembana, akainama mpaka tukasikia mshono wa suruali ukiachia. Fundi hakucheka. Alimwambia tu, "Pole, hiyo mimi sishoni," akarudi kwenye moto wake. Mimi ndiye niliyecheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi hapa Mbwawa. Kesi za mtaa huu hupita barazani kwangu kabla hazijafika popote: kuku wa fulani amekula mchicha wa fulani, mpangaji amejifungia bafuni na maji ya wenzake, mume kahama na godoro. Karakana ya Fundi ilipakana na uwanja wangu, ua wa makuti tu katikati, na kwa miaka yote hiyo nyundo yake ndiyo iliyoniamsha. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba haya sikuhadithiwa. Na niseme mapema kwamba sikumpenda. Nilimheshimu, na visu vyake ndivyo vilivyomo jikoni mwangu hadi leo, lakini kumpenda hapana.

Alifua visu kutoka kwenye springi za malori yaliyokufa. Kipande cha reli ndicho kilichokuwa fuawe lake la kupigia chuma, na mivukuto ya ngozi aliyojifunzia alikuwa ameibadilisha kwa feni ya umeme, ambayo alikuwa akiitukana kila umeme ulipokatika. Chuma alikisoma kwa rangi. Kikiwa chekundu cha nyanya alikiacha, kikiwa cha chungwa alikitoa, na ukimsemesha katikati hapo hakukujibu, hata kama umekuja na habari ya msiba. Niliwahi kwenda na habari ya msiba. Nilisimama pale na kanga yangu kichwani mpaka kisu kikaingia kwenye oili, ndipo akageuka, "Nani kafa?"

Neno moja lilikuwa haramu karakanani: "inatosha". Kijana mmoja mwenye kuuza mishikaki kule mjini alikuja kuchukua kisu, akakishika, akajaribu ukali wake kwenye unywele wa mkono, akafurahi. Fundi alitaka kukirudisha kwenye tupa kidogo. Kijana, kwa adabu kabisa, akasema, "Mzee wangu, hiki kinatosha sana." Fundi akamwomba akione. Akakilaza kwenye reli, kikiwa nusu nje, akakipiga nyundo mara moja kikakatika. "Sasa ndiyo kimetosha," akamwambia, akamtengenezea kingine bure. Kile cha pili ni kizuri kuliko cha kwanza, yule kijana mwenyewe anakiri, ila hajarudi tena pale.

Ukitaka kumwona Fundi mwingine ungesubiri Idi ya kuchinja. Siku hiyo alifunga karakana, akavaa kanzu, akazunguka nyumba kwa nyumba kukagua visu vya watu. Hakualikwa na mtu. Kisu butu alikitupa uani, akatoa chake. Ole wako akukute unanoa kisu mbele ya mnyama. Alimzaba kofi baba mzima kwa kosa hilo, mbele ya watoto wake, kisha akamgeuza yule mbuzi uso kwa mikono yake, akamkinga macho, akamnong'oneza kitu sikioni. Sijapata kusikia alichosema. Mkewe wa pili, siku aliyokuja kwangu na begi lake kuaga, aliniambia, "Mjumbe, heri ningekuwa mbuzi wake."

Wake walikuwa wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote waliondoka kwa sababu moja. Alikuwa akiwakagua. Sufuria ziligeuzwa chini juu kutafutwa masizi, shuka ilipimwa kwa kiganja pande zote mbili za kitanda, mwiko ukikutwa umening'inizwa kushoto badala ya kulia chakula hakikuliwa. Hakuwapiga. Wa kwanza alisema angempiga angejua cha kumshitakia. Alikuwa akisimama tu mlangoni na mikono nyuma, akisubiri mwanamke agundue mwenyewe amekosea wapi.

Hiyo mikono nyuma ilitoka mbali. Fundi alikulia kwenye kota za jeshi, kambi hii na kambi ile, mtoto wa sajenti ambaye watu walikuwa wakinyamaza akipita. Hadithi hii aliniambia mwenyewe, alasiri moja nimekwenda kunolewa shoka, akizungumza na jiwe la kunolea zaidi kuliko na mimi. Sajenti alikuwa akirudi kazini, kabla ya kuvua buti, anamwita mwanawe uwanjani. "Mguu sawa! Taja kosa lako." Hakumwambia kosa ni lipi. Mtoto alitakiwa alitafute. Alikuwa akitaja moja, anarushwa kichura, anarudishwa mahali pake. "Siyo hilo. Jingine." Anataja jingine, anarushwa kwa hilo pia.

"Nilikiri yote," Fundi aliniambia. "Nikiishiwa ya kweli, natunga. Nikiishiwa ya kutunga, nakiri niliyoyaota."

"Na lile lenyewe alilokuwa analitafuta?"

"Mara nyingi halikuwepo, Mjumbe."

Nilimuuliza majirani walifanya nini. Akasema walikuwa wakiongeza sauti za redio, kwa sababu waume zao walikuwa chini ya Sajenti. Mama yake alikuwa ndani akipepeta mchele. Sajenti alikuwa na msemo wake, samaki mkunje angali mbichi, na akiusema alikuwa akimshika mtoto shingo. "Alinikunja kweli," Fundi alisema, akapitisha kidole kwenye makali ya shoka langu. "Ndiyo hivi nilivyo. Mtu asinilaumu."

Furaha moja tu aliwahi kunisimulia ya ujana wake. Baba alimpeleka mwenyewe kuandikishwa jeshini, akasimama pembeni na masajenti wenzake akionyesha, yule pale, mrefu yule, wangu. Amri ikatolewa, kulia geuka. Vijana wote wakageuka kulia, yeye akageuka kushoto. Ikatolewa tena. Akageuka kushoto tena, taratibu, akimtazama baba yake machoni. Walipomtoa kwenye mstari, masajenti wale walikuwa wanacheka. Baba yake aliondoka bila kumsemesha, na hakumrudisha nyumbani. Fundi akatembea na nguo alizovaa hadi akafika Kisarawe, kijijini Kurui, kwa mjomba wake aliyekuwa akifua majembe na miundu.

Mjomba yule, kwa maelezo yote, alikuwa mtu wa heri. Hakumpigia kelele, alimwonyesha kazi kwa kuifanya, akikosea alimpa kipande kingine. Ungetarajia Fundi amsifu. Nilipomtaja, alitema mate pembeni. "Majembe yake yalikuwa laini kama yeye. Mvua moja, yamepinda." Mtu aliyemwokoa, akamdharau kwa kumwokoa kwa upole. Nilimwambia ana roho mbaya, akasema ndiyo, kama vile nimemwambia shati lake ni la bluu.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe, kwa maana hata yeye nilimjua hasa kwa kesi hiyo.

Sajenti alizeeka. Mke aliyemuoa baada ya kustaafu alifariki, akili ya mzee ikaanza kupotea, na siku moja Fundi akaenda kumchukua, akamleta Mbwawa. Mtaa mzima ulimsifu. Wazee wa msikiti walipita kumpa mkono. Mzee alikuwa kipande cha mtu, amepinda mgongo, hajui leo ni lini, mimi akiniita kwa majina ya wanawake nisiowajua. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, halafu baada ya muda kidogo anaitikia tena, kana kwamba nimemwamkia upya. Fundi hakumwamkia shikamoo, hakumwita baba. Alimwita Sajenti.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nafagia. Ng'ambo ya ua ikapigwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Fundi, sauti ya kambini. "Sajenti! Mguu... sawa!" Nikachungulia. Yule mzee aliyeshindwa kushika kijiko alikuwa amesimama wima, mgongo umenyooka, kidevu juu, vidole vimebana mishono ya suruali. Fundi akamzunguka, mikono nyuma. Akamkagua kucha, kola, vifungo. Kisha akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Taja kosa lako."

"Nimechelewa gwaride, afande."

"Siyo hilo. Jingine."

"Kifungo hakikung'aa, afande."

"Jingine."

Mzee alitaja hadi jasho likamtiririka. Kombati chafu, bunduki yenye vumbi, kulala zamu, kumjibu koplo. Makosa ya kijana wa jeshi. Kisha kitu kikazimika machoni mwake, mgongo ukarudi kupinda, akaanza kulia akiuliza chai. Fundi akampeleka ndani, akamwogesha, akamnyoa, akamvalisha shati lililopigwa pasi, akamnywesha chai kwa kijiko. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi.

Hapa ndipo watu wanaponikatiza nikisimulia, wanataka nimseme kwa neno moja. Sina neno moja. Katika kata yetu hakukuwa na mzee msafi kuliko yule. Hakuwa na kidonda cha kulala, hakuwa na harufu, alikula akashiba. Nimeona wazee waliolelewa na watoto wanaowaita baba kwa sauti tamu, wamelala kwenye mikojo. Lakini niliona pia uso wa Fundi wakati wa kuuliza, na ule haukuwa uso wa mtu anayemuuguza baba yake. Ulinitia hofu, na mimi si mwoga.

Watoto wa mtaa wakaanza kujipanga kwenye ua kutazama gwaride, wakicheka. Malalamiko yakanijia. Wazee wa msikiti wakarudi, safari hii kumkanya, wakamsomea haki za mzazi. Aliwasikiliza akipiga tupa. Walipotua akawauliza, "Mmemaliza?" Wakaondoka.

Kisha akaja dada yake kutoka Kurui, mtoto wa yule mke wa mwisho wa Sajenti, ameolewa kulekule kijijini. Alifika na kuku na kikapu cha mihogo, akalikuta gwaride likiendelea. Alikuja barazani kwangu akiwa analia, kuku bado kamshika miguu. Nikawaita wote wawili tukae.

"Kaka, nakuomba," dada alisema. "Baba ni mgonjwa. Mgonjwa hapigishwi gwaride."

"Umemkuta ana kidonda?" Fundi akauliza. "Kucha ndefu? Ananuka?"

"Hanuki."

"Basi?"

"Basi unamtesa, kaka."

"Wewe ulizaliwa keshastaafu. Wewe alikubeba mgongoni, alikununulia ubuyu. Huyo unayemlilia wewe, mimi simjui."

Nikaona niingie. "Fundi, unataka nini kwa mzee huyu? Sema hapa, tukusaidie."

"Ataje."

"Ataje lipi?"

"Analijua."

"Hajui hata amekula au hajala! Unayemuuliza keshaondoka, umebaki na koti lake."

Alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza niliona anahangaika kutafuta maneno. "Asubuhi anarudi, Mjumbe. Nikimwita mguu sawa, anarudi yule mwenyewe. Namwona machoni. Kidogo tu, halafu anakwenda zake. Siku moja nitamkuta kabla hajaenda, atasema: kosa langu ni wewe, nilikufanyia hivi na hivi. Neno moja tu. Halafu mchukueni, mkamlishe mihogo." Akamgeukia dada yake. "Ukimchukua sasa utambembeleza. Utambembeleza mpaka yule afe humo ndani, abaki babu wa kucheka na kuku. Mimi nitamuuliza nani?"

Mimi nilielewa, na nilimhurumia, wala sifichi. Lakini huruma kwa aliyepigwa haimruhusu kuendelea kupiga. Nikakata shauri mzee aende Kurui. Fundi hakubisha. Mtu aliyelelewa kwenye amri anajua amri ikishatoka.

Asubuhi ya safari alimpanga mzee uwanjani mara ya mwisho, bodaboda mbili zikisubiri barabarani, kila mtu akitazama. "Taja kosa lako." Mzee alifikiri sana. Hata mimi nilikuwa namwombea alitaje. "Nimepoteza kofia, afande."

Fundi akamfunga kifungo cha juu cha shati. "Mpeleke," akamwambia dada yake, akaingia karakanani. Siku ile alivunja visu mpaka nikaenda kukaa kwa jirani.

Ilipita masika, na vuli ikaja. Dada akanipigia simu kwamba mzee amedhoofika, kaka aje amwone. Nilipompelekea habari, Fundi alivua aproni ya ngozi, akanawa hadi kwenye viwiko. "Wewe ndiye uliyemtoa," akasema. "Twende wote."

Tulimkuta mzee Kurui, mbele ya nyumba, kwenye mkeka, kati ya mikorosho. Alikuwa amekonda mwili lakini uso umemnawiri. Shati lilikuwa na madoa ya uji, kucha ndefu zenye udongo, na alikuwa akiwatupia kuku punje za mtama, akiwacheka walivyogombana. Dada akampa Fundi kikombe cha maji. "Mnyweshe, kaka. Kwangu leo amekataa."

Fundi hakuinama. Alisimama na kikombe mkononi, akaitoa ile sauti. "Sajenti! Mguu sawa!"

Kuku walitawanyika. Mzee akageuka nyuma kutazama ni nani aliyeitwa. Alipoona hakuna mtu, akatabasamu. "Unamtafuta nani, bwana? Karibu. Kaa, umechoka wewe."

Fundi akakaa. Mzee akamshika mkono ule usio na kikombe, kama wazee wanavyomshika mgeni, akaufungua kiganja. Pale katikati kulikuwa na kovu pana, ngozi imevutana na kung'aa. Kwa miaka yote nilidhani ni la kazi.

"Pole, mwanangu," mzee alisema. "Moto huo?"

"Pasi ya mkaa."

"Ilikuangukia?"

"Niliwekewa. Nilipiga pasi suruali, mstari ukawa miwili badala ya mmoja. Akaniambia nifungue mkono, akaiweka."

Dada mtu alijifunika mdomo kwa kanga. Mzee alikuwa akilipapasa lile kovu kwa kidole gumba, taratibu, macho yamemjaa machozi. "Nani huyo aliyemfanyia mtoto hivi?"

"Baba yangu."

"Mzazi? Aliyekuzaa?"

"Aliyenizaa."

Mzee akasonya kwa uchungu. Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameinama mbele, amemkodolea macho, kama alivyokuwa akikitazama chuma kinapokaribia rangi yake. Alikuwa anasubiri. Nami nilisubiri, Mungu ananiona, nikajua likitoka litatoka sasa.

"Huyo si mtu," mzee alisema. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Nani anamlea?"

"Wanawe."

"Wajinga!" Sauti ilipanda, na kwa kitambo kidogo ilikuwa na kambi ndani yake. "Mtu kama huyo, mwanangu, hata maji usimpe."

Fundi akakitazama kikombe alichokishika, akamtazama baba yake, akanyanyuka akasimama wima.

"Ndiyo, afande," akasema, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Kisha akaondoka kuelekea barabarani bila kutuaga.

Mzee akamgeukia binti yake, akamwambia ana kiu.